Ulaghai wa mtandaoni na utumwa wa mpakani Myanmar: serikali zinafanya nini?

Tangu mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia wake juu ya matangazo ya kazi nchini Thailand ambayo mwisho wake ni kifungo katika nchi jirani ya Myanmar. Tangu wakati huo, vita dhidi ya maboma ya ulaghai yaliyoko Kusini-Mashariki mwa Asia vimezishirikisha China, Thailand, Marekani, Uingereza na Umoja wa Mataifa. Makala yetu ya leo inaeleza jinsi biashara hiyo inavyoendeshwa, ni kwa vipi vijana wa Afrika Mashariki wamejikuta ndani yake, na kwa nini kuizima kumekuwa kugumu.

Mnamo tarehe 12 Februari mwaka 2025, watu wapatao 260 walivushwa mto Moei, mto usio mpana unaozitenganisha Myanmar na Thailand, na kukabidhiwa kwa jeshi la Thailand. Walikuwa raia wa nchi takriban 20. Kundi kubwa lilitoka Ethiopia na waliofuatia ni Wakenya, lakini miongoni mwao walikuwamo pia Waganda, Warundi na Watanzania. Baadhi yao walikuwa na makovu na majeraha ya kipigo. Waliowaachia hawakuwa polisi wala jeshi la serikali ya Myanmar, bali wapiganaji wa kundi la Wakaren wanaotawala kipande hicho cha ardhi, na jambo hilo, msikilizaji, ni muhimu kulikumbuka kadiri maelezo haya yanavyoendelea.

Mtego wenyewe huanza kwa upole. Kijana mwenye elimu, anayejua Kiingereza na kompyuta, huona tangazo la kazi katika mtandao wa kijamii au huelezwa na rafiki. Kazi ni ya huduma kwa wateja, ya ukarani au ya kufundisha lugha, mjini Bangkok, kwa mshahara ambao nyumbani ni ndoto. Wakala humpatia tiketi ya ndege. Wapo pia walionaswa wakiwa tayari wanatafuta riziki katika nchi za Ghuba, na hasa Dubai, ambako waliahidiwa kwamba Asia kuna malipo bora kuliko udereva, ulinzi au usafi. Akifika Bangkok hupokewa na gari, na badala ya kupelekwa hotelini husafirishwa karibu kilomita 500 kuelekea kaskazini-magharibi hadi mji wa mpakani wa Mae Sot, na usiku huvushwa mto. Upande wa pili ni Myawaddy. Hapo pasipoti huchukuliwa, na mgeni huambiwa kwamba kampuni imemnunua, na kwamba akitaka kuondoka lazima alipe maelfu ya dola.

Sasa aifanye kazi gani? Hukabidhiwa simu kadhaa, picha za watu asiowajua, na maandishi yanayomwelekeza neno kwa neno aseme nini siku ya kwanza, siku ya tatu na juma la pili. Hujifanya mwanamke tajiri au mfanyabiashara mpweke, na hutafuta urafiki na watu wa Marekani, Ulaya au kwingineko. Haombi fedha mapema. Huuliza habari za watoto, za maradhi, za mume aliyefariki. Pale imani inapokwisha kujengeka ndipo hutajwa uwekezaji fulani katika sarafu za kidijitali ambao faida yake huonekana wazi kwenye tovuti ya bandia, na mwathirika hata huruhusiwa kutoa kiasi kidogo ili shaka imtoke. Kisha huweka akiba yake yote, na tovuti hutoweka. Wachina, ambao ndio waliotapeliwa kwanza kwa mbinu hii, waliipa jina la kumnenepesha nguruwe kabla ya kumchinja.

Kwa sababu walengwa wengi wako Marekani, kazi hufanyika usiku kucha, mara nyingi kwa zaidi ya saa 12. Asiyefikisha kiwango alichowekewa hupigwa, huteswa kwa umeme, hunyimwa chakula au hufungiwa chumba cha giza. Asiyefaa kabisa huuzwa kwa kampuni nyingine. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwezi Agosti mwaka 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine wapatao 100,000 nchini Cambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya ulaghai wa aina hii.

Ili kufahamu chanzo chake, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 2020 maeneo haya yalikuwa ya kamari. Kwa kuwa kamari imepigwa marufuku China bara, matajiri wa biashara hiyo walijenga kasino zao ng'ambo ya mpaka: Sihanoukville nchini Cambodia, jimbo la Shan nchini Myanmar, na eneo la Pembetatu ya Dhahabu nchini Laos. Mwezi Agosti mwaka 2019 Cambodia ilitangaza kuzuia kamari ya mtandaoni, na miezi michache baadaye yakaja maradhi ya UVIKO-19. Mipaka ikafungwa, wacheza kamari wakatoweka. Walibaki na majengo matupu, vyumba vya kulala, nyaya za intaneti, walinzi wenye silaha na wakubwa wenye madeni. Kutoka hapo hadi kwenye ulaghai ilikuwa hatua moja tu. Na mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 1 Februari mwaka 2021 nchini Myanmar yaliondoa hata ile serikali dhaifu iliyokuwa imeanza kuuliza maswali.

Mwanzoni wafanyakazi na waliotapeliwa walikuwa Wachina kwa Wachina. Polisi ya China ilipoanza kubana, wakubwa wa maboma waliyageukia masoko mengine, na masoko hayo yalihitaji watu wanaoandika Kiingereza vizuri. Hapo ndipo jicho lilipoelekezwa Ufilipino, India, na miji kama Nairobi, Kampala na Addis Ababa, ambako vijana waliohitimu vyuo ni wengi kuliko nafasi za kazi. Kwa maneno mengine, kilichowaponza vijana wetu ni shule waliyosoma. Sifa ileile ambayo mzazi aliuza shamba ili mwanawe aipate ndiyo iliyomfanya awe na bei mpakani Myanmar. Polisi wa kimataifa, Interpol, walieleza mwaka 2025 kwamba watu wa nchi 66 walikuwa wamesafirishwa hadi kwenye vituo vya ulaghai.

Wengi huuliza, kama mahali hapa panajulikana, na picha za setilaiti zinayaonyesha majengo yakiongezeka ghorofa, kwa nini polisi wasiingie? Jibu limo katika ile habari ya wapiganaji. Ardhi ya Myawaddy iko mikononi mwa kikosi kilichoundwa mwaka 2010 kutokana na waasi wa Kikaren waliokubali kuwa walinzi wa mpaka chini ya jeshi la Myanmar. Kamanda wake, Saw Chit Thu, alipewa uhuru wa kufanya biashara, naye akashirikiana na wawekezaji kujenga mji wa Shwe Kokko. Mwaka 2024 kikosi hicho kilijitangaza kuwa Jeshi la Taifa la Karen. Uingereza ilimwekea Saw Chit Thu vikwazo mwezi Desemba mwaka 2023, na Marekani ikafuatia mwezi Mei mwaka 2025, zikikihusisha kikosi chake na ulaghai pamoja na usafirishaji wa binadamu. Hebu tafakari: watu hao hao walioshutumiwa kwa kupokea kodi ya majengo ndio waliojitokeza mbele ya kamera mwaka 2025 wakiwakabidhi mateka kwa Thailand kana kwamba ni wakombozi.

China ndiyo iliyoonyesha nguvu kuliko wengine, ingawa njia yake si ya kila nchi. Tarehe 27 Oktoba mwaka 2023 makundi matatu ya waasi yalianzisha mashambulizi kaskazini mwa jimbo la Shan, yakitangaza kwamba moja ya malengo yao ni kuuangamiza ulaghai wa mtandaoni. Beijing, iliyokuwa imechoshwa na ukaidi wa watawala wa Myanmar, haikuwazuia. Hadi mwisho wa mwaka huo China ilisema imekwishakabidhiwa washukiwa zaidi ya 40,000, na mwezi Januari mwaka 2024 mji wa Laukkai, makao ya koo zilizotajirika kwa kasino na ulaghai, ukaanguka. Mwezi Septemba mwaka 2025 mahakama ya Wenzhou iliwahukumu kifo watu 11 wa kundi la ukoo wa Ming, na mwezi Januari mwaka 2026 China ikatangaza kwamba adhabu hiyo imekwisha kutekelezwa. Wakati hayo yakitokea kaskazini, wafanyabiashara wengi walikwisha kuhamia kusini, upande wa Myawaddy na Cambodia.

Thailand nayo ililazimika kuamka kwa sababu ya mtu mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mwigizaji wa China, Wang Xing, aliitwa Bangkok kwa ahadi ya kazi ya filamu, akapelekwa hadi Myawaddy na kunyolewa nywele. Aliokolewa baada ya siku chache, lakini watalii wa China waliingiwa na hofu, na wengi wakafuta safari zao za Thailand. Waafrika walikuwa wakiyalalamikia mateso hayo kwa miaka mitatu bila ya mpaka kutikisika. Utalii ulipoguswa, tarehe 5 Februari Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti iliyokuwa ikipelekwa katika maeneo matano ya Myanmar, huku waziri wake mkuu akielekea Beijing. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 7,000 walitolewa ndani ya maboma.

Hatua hiyo ilikuwa na kishindo, na iliwafungulia milango watu wengi. Lakini jenereta zilinunuliwa, na juu ya mapaa zikaota sahani nyeupe za kupokelea intaneti ya setilaiti ya Starlink. Mwezi Oktoba mwaka 2025 kampuni inayomiliki huduma hiyo ilisema imevizima vifaa zaidi ya 2,500 vilivyokuwa karibu na maboma ya Myanmar.

Njia ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu inawauma wakubwa zaidi kuliko kukatiwa umeme ni ile ya kufuatilia fedha. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia dawa za kulevya na uhalifu lilikadiria kwamba mwaka 2023 ulaghai uliolenga nchi za Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki ulisababisha hasara ya kati ya dola bilioni 18 na bilioni 37. Wizara ya Fedha ya Marekani inasema Wamarekani peke yao walipoteza dola bilioni 10 au zaidi mwaka 2024 kwa walaghai wa eneo hilo. Fedha hizo hazikai Myawaddy. Hugeuzwa kuwa sarafu za kidijitali, zikapitishwa katika makampuni ya kubadilishia fedha, na mwisho zikawa majumba katika miji mikubwa ya dunia. Tarehe 14 Oktoba mwaka 2025 Marekani na Uingereza kwa pamoja ziliwekea vikwazo kampuni ya Prince Group ya Cambodia na mwenyekiti wake, Chen Zhi, ambaye alifunguliwa mashtaka mjini New York. Waendesha mashtaka wa Marekani walisema wamezikamata bitcoin zaidi ya 127,000, zilizokuwa na thamani ya dola zipatazo bilioni 15 wakati huo. Uingereza ilizuia majumba yake mjini London. Kampuni ilikanusha tuhuma zote. Mwezi Januari mwaka 2026 Chen alikamatwa Cambodia na kupelekwa China, wala si Marekani.

Cambodia yenyewe imekuwa mwanafunzi mzito. Shirika la Amnesty International lilitoa ripoti mwezi Juni mwaka 2025 likiyataja maboma yasiyopungua 53 nchini humo na kuilaumu serikali kwa kufumba macho. Mwezi uliofuata waziri mkuu Hun Manet aliamuru msako, na zaidi ya watu 1,000 wakakamatwa. Lakini kukamatwa ni kitu kimoja na kuokolewa ni kitu kingine.

Na hapa tumefika kwenye fundo lenyewe la suala hili. Mtu aliyetolewa ndani ya boma ni nani mbele ya sheria? Mikono yake ndiyo iliyomwandikia mjane wa Marekani maneno ya mapenzi na kumfilisi. Mjane huyo ana haki ya kudai. Lakini mikono hiyo iliandika huku mlinzi mwenye rungu la umeme akisimama nyuma yake.

Mkataba wa shirika la kazi duniani, ILO, namba 29 wa mwaka 1930, unaieleza kazi ya kulazimishwa kuwa ni kazi yoyote anayotozwa mtu kwa tishio la adhabu, ambayo hakujitolea kuifanya kwa hiari yake. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 inakwenda mbele zaidi: pale ambapo mtu alisafirishwa kwa udanganyifu au kwa nguvu ili anyonywe, haijalishi kwamba mwanzoni alikubali safari. Na itifaki ya ILO ya mwaka 2014 inazitaka nchi wanachama wake kuhakikisha kwamba wahanga wanaweza kutoshitakiwa kwa makosa waliyoyatenda kwa kulazimishwa. Kenya ina sheria yake dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu ya mwaka 2010, Uganda ya mwaka 2009, Tanzania ya mwaka 2008. Maandiko, kwa hiyo, yapo.

Ugumu uko katika chumba cha mahojiano. Afisa wa Thailand anapokaa mbele ya kijana aliyevuka mto bila pasipoti, humsikiliza kwa muda mfupi, mara nyingi kupitia mkalimani, kisha huamua kama ni mhanga au ni mhamiaji haramu. Akikosa kutambuliwa kuwa mhanga, hushitakiwa kwa kuingia nchini kinyume cha sheria, hutozwa faini na huwekwa mahabusu ya uhamiaji hadi apatikane wa kumlipia nauli. Ni kweli pia kwamba si wote waliomo ndani ni mateka. Wapo walioingia kwa hiari wakijua kazi ni ipi, na wapo walioanza kwa kulazimishwa, wakapandishwa cheo, wakawaita wenzao wa nyumbani ili wapate kamisheni au waachiwe huru. Yule rafiki aliyempigia simu mwenzake Nairobi kumwambia kwamba kazi ni nzuri, huenda alisema hivyo akiwa ameshikiwa kisu. Hakimu atajuaje?

Bara letu limekwisha kuonja tatizo hilo likiwa ardhini mwake. Mwezi Aprili mwaka 2024 vyombo vya dola vya Zambia viliivamia kampuni moja inayomilikiwa na Wachina mjini Lusaka, vikakuta kadi za simu zaidi ya 13,000 na mashine za kuficha chanzo cha miito. Raia 22 wa China walihukumiwa vifungo vya kati ya miaka saba na 11. Waliokuwa wakiketi mbele ya kompyuta walikuwa vijana wa Kizambia, walioajiriwa kama wahudumu wa simu na kupewa maandishi ya kufuata. Hawa waliachiwa kwa dhamana ili wasaidie uchunguzi. Mwezi Desemba mwaka huo, nchini Nigeria, tume ya kupambana na uhalifu wa kiuchumi iliwakamata watu 792 katika jengo moja la Lagos, wakiwemo Wachina 148 na Wafilipino 40. Interpol imeitaja Afrika Magharibi kuwa kitovu kipya kinachoweza kukua. Kwa hiyo huenda siku za usoni wakala hatahitaji hata kukata tiketi ya Bangkok.

Ufilipino imefika mbali zaidi katika kuwagusa wakubwa wa nyumbani. Baada ya msako wa mwezi Machi mwaka 2024 katika mji mdogo wa Bamban, ilibainika kwamba boma lilijengwa nyuma ya ofisi za serikali ya mji. Rais Ferdinand Marcos alipiga marufuku makampuni ya kamari ya mtandaoni yaliyokuwa kivuli cha ulaghai huo, na mwezi Novemba mwaka 2025 aliyekuwa meya wa mji, Alice Guo, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa usafirishaji haramu wa binadamu. Hukumu kama hiyo kwa kiongozi aliyekuwa madarakani ni nadra mno katika kesi za aina hii.

Kimataifa, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mtandaoni ulipitishwa mwezi Desemba mwaka 2024 na kufunguliwa kwa saini mjini Hanoi mwezi Oktoba mwaka 2025, ambapo zaidi ya nchi 60 zilitia saini. Unazirahisishia nchi kupeana ushahidi wa kompyuta na kurejesheana mali zilizoibwa. Ili uanze kutumika ni lazima uidhinishwe na nchi 40. Watetezi wa haki za binadamu wamenung'unika kwamba serikali kandamizi zinaweza kuutumia kuwasaka wapinzani, na hofu hiyo si ya kupuuzwa.

Likabaki suala la nauli, ambalo kwenye mikutano mikubwa halitajwi sana. Mwezi Februari mwaka 2025 China ilituma ndege za kukodi kuwachukua raia wake kutoka uwanja mdogo wa Mae Sot. Waafrika walibaki nyuma. Ethiopia, iliyokuwa na raia wengi kuliko nchi nyingine zote za Afrika, haikuwa na ubalozi nchini Thailand. Kenya inao ubalozi Bangkok, na maafisa wake walifanya kazi ya kuwaandikia watu hati za dharura, lakini Thailand ilikuwa na msimamo kwamba havuki mtu mpaka kabla ya nchi yake kuthibitisha kuwa itamchukua. Kwa hiyo mamia ya watu waliokwisha kutolewa katika maboma waliendelea kulala chini, kwa majuma na wengine kwa miezi, katika kambi za muda za wapiganaji wale wale, wakisubiri tiketi.

Mwezi Oktoba mwaka 2025 jeshi la Myanmar lilivamia boma mashuhuri la KK Park, kusini mwa Myawaddy, likasema limekuta zaidi ya watu 2,000 na kukamata vifaa 30 vya Starlink. Zaidi ya watu 1,500 waliuvuka mto Moei kwa siku chache, wengine kwa kuogelea wakishikilia maboksi ya plastiki. India ilipeleka ndege za jeshi kuwachukua watu wake. Katika orodha ya mataifa iliyotolewa na maafisa wa Thailand, miezi minane baada ya makabidhiano yale ya mwezi Februari, Kenya na Ethiopia zilikuwamo tena.